Kurudi nyumbani mapema baada ya upasuaji wa akina mama: nani anampokea?

Yafuatayo ni mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wainjilisti na viongozi wa vikundi vya akina mama kutoka sharika za Tarime na Serengeti, waliokutana katika kata ya Turwa. Tumeyafupisha kidogo kutokana na nafasi.

Ndugu zangu, poleni kwa safari, hasa ninyi mliotoka upande wa Mugumu. Najua wengine mmeondoka nyumbani giza likiwa bado halijatoka, na kuna waliokuja na watoto mgongoni. Karibuni sana.

Mada ya leo mmeileta ninyi wenyewe. Katika taarifa zenu swali moja limejirudia: kwa nini siku hizi mama anafanyiwa operesheni ya kizazi Jumatatu, na Alhamisi tunamwona yuko kwake, wakati mama zetu walilala wodini wiki nzima au zaidi? Mmoja wenu ameandika kwamba watu kijijini wanasema hospitali inawafukuza wagonjwa kwa sababu vitanda havitoshi. Swali hilo ni halali, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba wataalamu ndivyo walivyoamua.

Nitasema mapema ninaposimama. Kupunguza siku za kulala hospitali baada ya upasuaji wa akina mama ni jambo jema, na lina ushahidi. Lakini zile siku ambazo mama halali wodini hazipotei. Zinahamia nyumbani kwake, na kazi ya muuguzi inahamia kwa mama mkwe, kwa mume, kwa binti wa darasa la sita, na kwenu ninyi mliokaa hapa. Kama huko nyumbani hakuna aliyeandaliwa kuipokea kazi hiyo, mama huyo atarudi hospitali akiwa na hali mbaya kuliko aliyotoka nayo, au hatarudi kabisa.

Ninaposema upasuaji wa akina mama nina maana ya kutolewa kizazi, kuondolewa uvimbe kwenye kizazi au kwenye mfuko wa mayai, kurekebishwa kizazi kilichoshuka, mimba iliyotunga nje ya kizazi, na kuzibwa fistula. Upasuaji wa kujifungua wataalamu wanauweka katika fungu lake, ila nitaugusa kwa kuwa ndio mnaokutana nao zaidi vijijini.

Siku saba zilitoka wapi?

Kwa sehemu kubwa zilitokana na nyuzi. Nyuzi za juu ya ngozi zilikuwa zikitolewa siku ya saba au karibu na hapo, na ilionekana ni heri mgonjwa akae palepale mpaka zitoke. Sababu ya pili ilikuwa imani kwamba aliyepasuliwa tumbo asitikisike. Alilazwa chali, akapewa dripu, akakatazwa kula mpaka hewa itoke tumboni, na kama hewa ilichelewa siku tatu basi njaa nayo ilikuwa ya siku tatu. Ndugu walikaa nje na chupa ya uji wakisubiri muuguzi aje kusema, "Ametoa hewa, mpeni."

Madaktari walianza kuutilia shaka utaratibu huo zamani sana. Mwaka 1899 daktari wa akina mama wa Chicago, Marekani, aitwaye Emil Ries, aliandika kwamba alikuwa akiwaruhusu wanawake aliowapasua kula mapema na kuinuka kitandani ndani ya siku moja au mbili. Hakusikilizwa sana. Ilichukua miaka mingi kabla ya kukubalika kwamba kulala tu kitandani kunamletea mgonjwa madhara yake: damu inaganda miguuni, mapafu yanajaa makohozi, misuli inalegea, na utumbo wenyewe unazidi kulala.

Miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, aliyapanga mambo haya upya kama kifurushi kimoja. Aliuliza swali rahisi: ni nini hasa kinachomweka mgonjwa huyu hospitali leo? Ni maumivu? Ni kushindwa kula? Ni mpira wa mkojo? Ni kushindwa kutembea? Kisha akashughulikia kila kimoja. Wagonjwa wake wa upasuaji wa utumbo mpana, ambao kwa kawaida walilala zaidi ya wiki, wakaanza kwenda nyumbani baada ya siku mbili au tatu. Utaratibu huo ulienea hadi kwenye upasuaji wa akina mama, na mwongozo wake wa kimataifa ulitolewa mwaka 2016 na kurekebishwa mwaka 2019.

Angalieni kwamba Kehlet hakuanza kwa kusema "tupunguze siku". Siku zilipungua zenyewe kwa sababu mgonjwa alipona haraka. Mtu akikata siku bila kufanya ile kazi nyingine, anafanya jambo tofauti kabisa, hata kama kwenye takwimu za wodi yanaonekana sawa.

Kinachofanyika tofauti

Kazi inaanza kabla ya kisu. Mama mwenye upungufu wa damu anatibiwa kwanza, kama upasuaji si wa dharura. Wengi wa akina mama wenye uvimbe kwenye kizazi wamekuwa wakitoka damu miezi na miezi, na wanafika kwenye meza ya upasuaji wakiwa weupe viganjani. Hapo ninyi mna kazi: vidonge vya madini ya chuma vinywewe kama alivyoelekezwa, visiachwe kwa sababu vimemfanya apate choo cheusi. Choo hicho ni cha kawaida kwa anayevitumia.

Zamani mgonjwa aliambiwa asiguse chochote tangu saa sita usiku, na akiwa wa mwisho kwenye orodha aliingia kupasuliwa saa tisa alasiri akiwa hana nguvu na koo limekauka. Mwongozo wa sasa unaruhusu chakula chepesi mpaka saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu au chai ya rangi mpaka saa mbili kabla. Naomba mnielewe vizuri hapa. Si kazi yetu kumpa mgonjwa maji kinyume na maelekezo ya wodi, maana mwenye kutoa nusu kaputi ndiye anayejua saa yake. Lakini ndugu ana haki ya kuuliza: "Sista, mgonjwa wetu anaweza kunywa maji mpaka saa ngapi?"

Dawa ya kuzuia maambukizi inatolewa kabla ya mkato. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu. Hili linawashangaza sana ndugu wa wagonjwa, kwa sababu wamezoea kuona sindano nyingi kuwa ndiyo matibabu mazuri. Mama akirudi bila furushi la vidonge msidhani amepuuzwa.

Baada ya upasuaji anapewa dawa za maumivu kwa saa, bila kusubiri alie. Katika jamii yetu ya Wakurya hili ni gumu kidogo. Mwanamke anafundishwa tangu utotoni kwamba kulia kwa maumivu ni aibu, na muuguzi mwenye wagonjwa arobaini akimwona mtu amenyamaza anadhani hana shida. Mwenye maumivu hakohoi vizuri, hageuki wala hainuki, na kwa sababu hainuki anapata yale madhara niliyoyataja. Mwambieni mama kabla hajaenda kwamba kusema "naumwa" ni sehemu ya matibabu.

Kisha anakula. Baada ya upasuaji wa kizazi usio na matatizo ya utumbo, chakula ndani ya saa 24 za kwanza hakina madhara, na utumbo unaamka mapema zaidi. Uji wa ulezi unafaa, na akiweza ugali ale. Mpira wa mkojo unatolewa mapema, kwa kawaida ndani ya saa 24 kama kibofu hakikuguswa, kwa sababu kila siku unayokaa ndani unaongeza nafasi ya maambukizi ya njia ya mkojo. Na anainuliwa: kukaa ukingoni mwa kitanda siku ileile ikiwezekana, kutembea mpaka dirishani, kesho yake mpaka chooni. Mshono haufumuki kwa sababu ya kutembea taratibu.

Mfano wa fistula

Kwa wale wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wenye hospitali nzuri, nina mfano kutoka Afrika, na unatuhusu sana kwa sababu wapo wanawake wa huku ambao wameishi miaka mingi na fistula.

Baada ya kuziba fistula ya mkojo, mama anawekewa mpira ili kibofu kibaki kitupu mpaka mshono ushike. Ukae siku ngapi? Hospitali nyingi zilifuata siku 14, nyingine hata zaidi, kwa mazoea. Kati ya Machi 2012 na Mei 2013 utafiti ulifanyika katika nchi nane: Kenya, Uganda, Kongo, Ethiopia, Guinea, Niger, Nigeria na Sierra Leone. Wanawake 524 wenye fistula isiyo ngumu, ambao ilikwisha kuzibwa na ikashika, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja la siku 7 na jingine la siku 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika kundi la siku 7, kati ya wanawake 250 waliofuata utaratibu kikamilifu, 10 waliachia mshono. Katika kundi la siku 14 waliachia 8 kati ya 251. Watafiti walihitimisha kwamba siku 7 hazikuwa duni kuliko siku 14. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo la siku 7 hadi 10 kwa fistula rahisi.

Pigeni hesabu wenyewe. Kitanda kilichokuwa kinamhudumia mama mmoja kwa wiki mbili sasa kinaweza kuhudumia wawili. Kwa mama anayesubiri zamu yake Mwanza huku akinuka mkojo na kukwepa ibada, wiki moja ya kitanda cha mtu mwingine ni jambo kubwa. Na kwa huyo aliyelazwa ni wiki moja chini ya kununua chakula cha mjini, na watoto wanarudi mikononi mwake wiki moja mapema.

Lakini someni pia masharti. Utafiti ulihusu fistula rahisi. Yule ambaye ameshapasuliwa mara mbili au tatu, au ambaye tundu lake ni kubwa, hayumo katika hesabu hiyo, na daktari akimweka wiki tatu ana sababu. Tena siku hizo saba, kwa maoni yangu, ni za wodini. Mpira ukikunjika au ukiziba, kibofu kinajaa na mshono unavutika. Muuguzi anaangalia mkojo unavyodondoka usiku kucha. Simwoni nani wa kufanya kazi hiyo kwenye nyumba ya udongo isiyo na taa huko milimani. Kwa hiyo msishangilie mama wa fistula akiletwa kijijini na mpira wake, ulizeni.

Hatari inakuja baadaye

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani tukishapunguza siku kazi imekwisha.

Mwaka 2016 utafiti mkubwa ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wengi wao walikuwa vijana na wenye afya ya kutosha kabla ya upasuaji, na hata hivyo vifo vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Kati ya waliofariki, zaidi ya 9 katika kila 10 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Walitoka salama kwenye chumba cha upasuaji, kisha katika siku zilizofuata tatizo likaanza, na halikuonekana mapema au halikupata wa kulishughulikia.

Hospitali zimefanya mengi kuhusu yanayotokea mezani. Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani vilivyojaribu ile orodha ya uhakiki wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo timu inaisoma kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya mkato, na kabla mgonjwa hajatoka. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika vituo hivyo vyote kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Ni fahari kwamba Watanzania walikuwemo tangu mwanzo.

Kidonda lakini kina kalenda yake. Katika utafiti wa Hospitali ya Bugando uliochapishwa mwaka 2014, takribani mama mmoja kati ya kila tisa waliofuatiliwa baada ya upasuaji wa kujifungua alipata maambukizi ya kidonda. Na maambukizi ya kidonda mara nyingi hujionyesha kati ya siku ya 5 na ya 10. Sasa fikirini: mama aliyeruhusiwa siku ya 3, siku ya 7 yuko wapi? Yuko jikoni kwake. Zamani usaha ulionwa na muuguzi aliyekuwa akibadilisha bandeji. Leo utaonwa na nani?

Nyumbani

Niruhusuni nizungumze wazi kuhusu nyumba zetu, maana ndiko kazi ilikohamia.

Mama aliyetolewa kizazi kwa kupasuliwa tumbo anaambiwa asinyanyue kitu kizito wala kulima kwa wiki sita. Katika boma la huku, ndoo ya lita 20 ndiyo inayoamsha nyumba asubuhi. Maji yako bondeni, kuni ziko mbali, mahindi yanasubiri palizi. Karatasi ya ruhusa imeandikwa "apumzike", naye anaitunza vizuri kwenye mfuko wa plastiki, na siku ya tano anachukua ndoo kwa sababu hakuna mwingine. Huyo si mkaidi. Hakuna aliyekaa na familia yake kabla ya upasuaji kuuliza nani atachota maji kuanzia siku fulani mpaka siku fulani.

Swali hilo ndilo kubwa kuliko yote niliyowaletea leo. Liulizwe mapema, na liulizwe mbele ya mume. Kama kuna mke mwenza, aitwe naye, na asichukuliwe kama adui. Kama ni nyumba ntobhu, ambako mama mzee ndiye aliyemwoa huyu mwanamke kijana, basi mwenye mji ni yule mama, na mazungumzo yafanyike naye kwa heshima yake. Nimeona wahudumu wanamtafuta "mwanaume wa nyumba" asiyekuwepo, wakati mwenye uamuzi amekaa mbele yao kwenye kigoda.

Mume aambiwe pia kuhusu kutokutana kimwili kwa wiki sita, na baada ya fistula miezi mitatu. Akiambiwa mama peke yake, mnampa mzigo wa kumkatalia mtu ambaye hajaelezwa sababu. Wakati mwingine mwinjilisti mwanaume anaeleweka zaidi katika jambo hili kuliko muuguzi msichana, kwa hiyo wainjilisti msikae kando mkidhani haya ni ya akina mama.

Kuna suala la maji ya moto. Bibi zetu wanamkanda mama aliyejifungua, na sitabishana na bibi hapa. Ila tumbo lenye mshono lisikandwe. Kitambaa cha moto juu ya kidonda kibichi kinaunguza ngozi na kulowesha mshono. Majani, majivu na mafuta ya ng'ombe visiguse kidonda. Kidonda kinatakiwa kikae kikavu na safi, basi.

Na jambo la mwisho upande huu: siri. Mama akitolewa kizazi, isitangazwe kanisani kwamba tumwombee fulani aliyetolewa kizazi. Mnajua maneno yanayofuata, hasa kama hana mtoto wa kiume. Wako walioletewa mke mwingine kabla mshono haujakauka. Tangazo liseme mgonjwa, na linatosha.

Nani anamtembelea, lini

Ninachopendekeza kwa sharika zetu ni hiki. Kila mama anayekwenda kufanyiwa upasuaji awe na mtu mmoja kati yenu anayejulikana, mwenye simu, na namba yake iandikwe nyuma ya kadi ya mama kabla hajaondoka. Akiruhusiwa atembelewe kesho yake, kisha siku ya 5 au 6 tangu upasuaji, kisha siku ya 10. Siku hizo nimezifuatisha na kalenda ya kidonda. Kutembelea mara moja siku ya pili na kuandika "anaendelea vizuri" hakutusaidii.

Mkifika, angalieni na ulizeni. Je, ana homa? Kidonda kimevimba, kinatoa maji au usaha, kimeachia? Anatoka damu nyingi au uchafu wenye harufu ukeni? Tumbo limejaa, anatapika, hapati choo wala hewa? Mkojo unavuja, au hautoki? Mguu mmoja umevimba na unauma? Anahema kwa shida au kifua kinambana? Lolote kati ya haya linamrudisha kituoni siku hiyohiyo. La mguu na la kupumua lisisubiri hata saa moja, kwa sababu damu iliyoganda mguuni inaweza kuhamia kwenye mapafu.

Usafiri ni mtihani. Mama wa siku ya tatu kupandishwa bodaboda kilomita 30 kwenye barabara yenye mashimo, mvua ikinyesha, mimi siuiti huo uponyaji wa haraka. Kama hakuna gari, afadhali alale siku mbili zaidi, au akae kwa ndugu karibu na hospitali. Tukiwa na akiba kwenye kikundi, nauli ya gari ya kumrudisha ni matumizi mazuri kuliko sherehe ya kumpokea. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilitufundisha jambo mwaka 2009 ilipoanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake mikoani, nao wakawakatia tiketi wanawake wenye fistula ambao wasingeweza kusafiri. Kwa mfuko mdogo wa usharika, kitu cha namna hiyo kinawezekana kutoka Nyamwaga mpaka Tarime mjini, na hata kutoka Tarime kuvuka Kirumi mpaka Mwanza.

Niseme pia kuhusu siku zinazoongezeka kwa sababu zisizo za kitabibu. Wapo wanaobaki wodini kwa sababu ya deni. Jirani zetu wa Kenya waliliona hili mahakamani: Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa gharama kulivunja haki zao. Sisi tusingoje mahakama. Mkisikia mama amepona na hatoki, nipigieni, nami nitakwenda kuzungumza na ustawi wa jamii wa hospitali hiyo kuhusu msamaha au malipo ya awamu.

Vilevile msigeuke kuwa wasemaji wa vitanda. Ndugu wakiwauliza kama mgonjwa wao yuko tayari, msihesabu siku. Je, anakula na chakula kinakaa? Anakojoa mwenyewe? Anatembea mpaka chooni bila kushikwa? Maumivu yanatulia kwa vidonge? Hana homa? Na huko anakokwenda, yuko mtu, yako maji, iko simu, na kituo cha afya kinafikika usiku? Yakikamilika siku ya pili, aende siku ya pili. Kama la mwisho halijakamilika siku ya sita, ndugu wamweleze daktari waziwazi nyumba ikoje. Daktari anaona mshono. Njia ya kwenda kwake haioni.

Nimewaletea daftari moja kwa kila usharika lenye nafasi ya zile siku tatu za kutembelea. Msiandike jina kamili la mama, andikeni herufi za kwanza na kitongoji. Mwezi ujao wauguzi wawili watakuja hapa Turwa kuwafundisha kuangalia kidonda kwa vitendo, na nauli zenu ziko kwenye bajeti, nimehakikisha. Wenye maswali sasa karibuni, tuanze na watu wa Serengeti kwa sababu basi lao linaondoka saa nane.